Hotuba ya Kaka Kuhusu Bastola

Kaka mtu alimwita dadake, mwalimu wa mantiki chuoni, amnyooshee hotuba. Kesho yake wakazi wa mtaa wangekutana kupinga sheria ya kudhibiti bunduki, na msemaji ni yeye. Akasimama kando ya meza, akajikohoza kama waziri, akasoma: "Mwizi hapigi hodi. Polisi ukiwaita, wanafika maiti imeshapoa. Kwa hiyo kila mwenye nyumba awe na bastola!"

Mkewe aliweka chai bila kuinua macho. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. "Nilianguka bafuni, wifi," alisema kabla hajaulizwa. Bafu gani hilo, linaloangusha mtu kila mwezi! Hasira ilimpanda mwalimu. Akaimeza, akashika kalamu.

"Misingi ya hoja yako ni miwili, kaka: mwizi na polisi. Hitimisho, bastola. Katikati kuna shimo."

"Shimo gani?"

"Jambo unalolichukulia kuwa kweli bila kulisema. Kwamba hatari yote iko nje ya mlango. Kwamba mwenye bastola hapandwi na hasira humu ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, wewe unakitafuta barabarani. Liandike hilo, watu walipime."

"La nini kuliandika? Kila mtu analijua."

"Na wifi analijua?"

Kaka akamtolea mkewe macho. "Umemwambia nini huyu?"

"Hajaniambia kitu," mwalimu alidakia. "Hotuba yako ndiyo iliyosema."

"Hii nyumba yangu! Hunifundishi kuishi na mke wangu!" Akapiga meza, chai ikamwagika, akaivuta droo ya kabati kwa nguvu. Mwizi hakuwapo. Polisi hawakuwa wamechelewa popote. Walikuwapo mkewe, dadake na chai iliyomwagika, na mkono wa kaka ukawa unapapasa chini ya vitambaa vya meza. Ukapapasa, ukapapasa tena.

"Bastola nimeipeleka kituo cha polisi asubuhi," mkewe alisema. Akainua macho. "Na mkono huu nimewaonyesha."

Kaka mtu, msemaji wa mtaa mzima, akamgeukia mkewe. Mwalimu akasimama kati yao.

"Wifi, vaa viatu twende."

"Nimevivaa tangu alfajiri."