Mbilikimo Hawezi Kuwa Mganga

Mwaka wa 1995, katika shule moja ya kutwa karibu na Silibwet, upande wa Bomet, Mellen Nyabate wa kidato cha tatu alikuwa mganga aliyeogopwa kuliko wote. Uganga wenyewe ulikuwa wa mchezo tu, wa dadu, karatasi na maneno, lakini kila Ijumaa baada ya masomo wanafunzi zaidi ya kumi walibaki darasani kumtazama.

Mchezo waliachiwa na Mwingereza mmoja wa kujitolea aliyefundisha hapo mwaka mzima kisha akarudi kwao. Kijitabu chake kilikuwa chakavu, nusu ya kurasa zimeng'oka. Kilieleza mapigano na mazimwi, lakini sehemu ya wahusika haikuwepo. Mellen na rafiki yake Kiptum wakaiandika wenyewe kwenye kaunta buku, daftari nene la jalada gumu. Likizo nzima ya Agosti mwaka uliotangulia, Kiptum akishamaliza zamu yake ya kuchuma chai ya nyumbani, walikaa kwenye veranda ya kina Kiptum wakibishana. Wakapata jamii nne: binadamu, majitu, watu wa msituni na mbilikimo, wale wafupi wenye ndevu waishio chini ya milima. Wakapata na kazi nne: askari, mwizi, kasisi na mganga.

"Kila jamii inaweza kufanya kila kazi?" Kiptum aliuliza.

"Kila jamii, kila kazi. Nani atazuia?"

Wakaandika hivyo, na wote wawili wakatia sahihi.

Mellen akajichagulia mbilikimo mganga, akamwita Bosibori. Kiptum akawa binadamu askari. Kwa mwaka mzima Bosibori alivuka mito ya moto, akafufua wenzake, akapanda hadi daraja la tisa. Askari wa Kiptum alikuwa kwenye la saba. Ijumaa ya kabla ya wiki ya mwisho ya muhula wa tatu wangecheza safari ya kumalizia, na mwenye daraja la juu zaidi angekuwa mwamuzi, yaani msimulizi na msimamizi wa kanuni, mwaka unaofuata, kwa kuwa Johana, mwamuzi wao wa kidato cha nne, alikuwa anamaliza shule.

Siku hiyo Mellen alipoingia, Johana alikuwa ameshika kijitabu kipya, jalada likimeta.

"Mellen, kaa kwanza," Johana alisema. "Tumepata kitabu kamili, na iko na shida kidogo. Mbilikimo hawezi kuwa mganga."

Mellen alicheka, akidhani ni utani. Johana akamgeuzia ukurasa. Lilikuwa jedwali. Mbilikimo: askari, mwizi, basi. Watu wa msituni walinyimwa ukasisi. Majitu walibaki na uaskari peke yake. Binadamu waliruhusiwa kila kitu.

"Kwa nini?"

"Kitabu haisemi kwa nini."

Kiptum ndiye aliyejibu, akiangalia meza. "Fikiria kidogo. Mbilikimo hasikii sumu, anaona gizani, ni mgumu kufa. Ukimpa na uganga, nani atataka kuwa binadamu? Lazima kila mtu akose kitu. Na hata kwa hadithi za wazungu, mbilikimo ni mtu wa kuchimba na shoka."

"Binadamu amekosa nini?"

Kiptum aliokota dadu, akaiviringisha mkononi.

"Nani aliandika hicho kitabu, mbilikimo ama binadamu?" Mellen aliuliza tena.

Wachache walicheka. Kisha sauti ikatoka nyuma, ya mvulana ambaye Mellen hakumtambua: "Kila kabila na kazi yake, si ndiyo hiyo."

Vichwa viligeuka kwa Mellen. Wote walijua familia ya Mellen ilikimbia Kedowa katika mapigano ya kikabila ya mwaka wa 1992, ikiwa na godoro moja na cherehani ya mama, baada ya kuambiwa maneno ya namna hiyo. Mellen alimtazama Kiptum, akingoja aseme neno moja. Wengine walisikia juu juu tu; katika shule nzima ni Kiptum peke yake ambaye Mellen alimsimulia mwenyewe yaliyowapata Kedowa. Kiptum aliinamisha kichwa, akaanza kuchonga penseli.

"Anaweza kuanza upya kama askari," Johana alisema kwa upole. "Daraja la kwanza."

Mellen alikunja karatasi ya Bosibori, akaitia mfukoni, akatoka.

Jumatatu, kwenye foleni ya maji, Nelvine, dada mdogo wa Kiptum aliyekuwa kidato cha kwanza, alimsalimia kwa furaha. "Yule mwalimu Mwingereza amekusifu sana kwa ile barua yake. Mimi nilipenda stempu."

"Barua gani?"

"Ile ilikuja na kitabu, kwa sanduku la posta la baba, kule Bomet. Si mlisoma na Kiptum? Imeandikwa majina yenu wote wawili."

"Ilikuja lini?"

"Mwezi wa tisa."

Wakati huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Mellen alimwomba amletee ile barua, na Nelvine, bila kujua kosa lolote, akaileta kesho yake. Kweli ilianza kwa majina mawili. Katikati mwalimu aliandika kwamba amefurahi kusoma katika barua ya Kiptum habari za mbilikimo mganga, kwamba kitabu kingewakatalia, na wasikijali. Kanuni hizo, alisema, ziliwekwa na watu waliotaka mchezo ufanane na hadithi walizozipenda, na kuwapa binadamu sababu ya kuchaguliwa. "Zenu ni bora. Zishikeni."

Alimkuta Kiptum nyuma ya maabara, akamwonyesha barua. Kiptum aliitambua mara moja.

"Miezi miwili," Mellen alisema. "Miezi miwili unakaa na mimi, unanisaidia hesabu za Bosibori, na hii iko kwenu."

"Nilitaka kukuambia."

"Ungeniambia lini?"

Kiptum alimrudishia barua. "Wanasema mimi ni mkia wako. Kila Ijumaa ni Mellen, Mellen. Nilitaka mara moja tu nikuwe mbele. Ni mchezo tu, Mellen."

"Ungenishinda kwa dadu ningekupigia makofi. Na yule aliyesema mambo ya kabila? Hiyo pia ilikuwa mchezo?"

"Sikujua atasema hivyo."

"Lakini ulimsikia."

Kiptum alijifuta uso kwa mkono wa shati. Macho yake yalilowa, na Mellen alishangaa kwamba hakumhurumia. Alichokisikia ni baridi kifuani, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli imebadilishwa.

Barua hakumwonyesha Johana wala mtu mwingine. Mwaka uliofuata Kiptum akawa mwamuzi, akicheza kwa kitabu kipya. Mellen alihamia dawati la mbele kando ya mwanafunzi mwenzake Janeffer, akasoma kemia kwa hasira, akapita mtihani wa mwisho vizuri. Walipokutana njiani alimwitikia Kiptum salamu, kwa sababu mamake alimlea hivyo, kisha akaendelea na safari yake.