Injini ya Chumba cha Baridi

Mama alikuwa na swali moja tu akinipigia simu asubuhi: "Imewaka?" Haulizi nimeamkaje, haulizi nimekula. Imewaka? Na nyuma yake nasikia shangazi na mdogo wangu wa kiume wamenyamaza kimya, utadhani wanasubiri matokeo ya mtihani.

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Nilipopata kazi kwenye maabara ya injini, nikiwa nimetoka tu chuoni, niliwatangazia kwamba nitakuwa naendesha magari mapya kabla hayajaingia sokoni. Nikasema siku moja nitapita nyumbani na mojawapo, nipige honi mpaka mtaa mzima utoke nje. Shangazi akaisambaza habari, akaitia chumvi njiani, hadi fundi cherehani wetu akawa anauliza nitakuja na gari la rangi gani.

Gari? Thubutu! Nilipewa chumba.

Chumba cha baridi kilikuwa na kuta nene, dirisha moja la kioo, mlango wa chuma wenye komeo kubwa, na katikati injini moja imefungwa kwenye stendi, waya zimeizunguka kila upande. Mjini kwetu hata maji ya bomba hutoka vuguvugu, lakini injini hiyo ilikuwa ya kuuzwa nchi za barafu. Kwa hiyo tuliigandisha usiku kucha, asubuhi tukaiwasha tuone itafanyaje. Kazi yangu ilikuwa kuipangia kompyuta ya injini imwage petroli kiasi gani pale swichi inapowashwa. Ukiipa kidogo, haiwaki. Ukiipa nyingi, plagi za kutoa cheche zinalowa, inakohoa na kutoa moshi. Na kinachotesa ni hiki: ukishaiwasha imepata joto, basi tena. Hujaribu tena mpaka igande upya, yaani kesho. Ukikosea, siku yako imekwisha kabla chai haijapoa, unabaki kukodolea skrini mpaka jioni.

Mkuu wa maabara tulimwita Bado, maana hilo ndilo lilikuwa neno lake. Anasimama nje ya kioo, mikono mfukoni, injini inakohoa, anasema "Bado," anakwenda zake. Siku ya kwanza aliniambia, "Kuna nafasi moja timu ya barabarani. Injini hii ikiwaka kwa mara moja bila kukohoa, tutazungumza." Timu ya barabarani ndio waliokuwa wakiyaendesha hayo magari. Niliwaona kila mchana kupitia dirisha la kantini, wameiva kwa jua, wanataniana. Hiyo "tutazungumza" yake nikaipeleka nyumbani ikiwa ahadi kamili: ikiwaka, natoka. Ndipo Mama akaanza na swali lake.

Mle ndani nilimkuta Sweta. Alikuwa mhandisi kama mimi, ila yeye amekaa humo tangu nikiwa bado navaa sare za shule. Sweta lake la kijivu halikumtoka hata kantini, watu wakijipepea kwa sahani. Kila nilichokijua kuhusu kuwasha injini kwenye baridi alinifundisha yeye. Na maneno aliyokuwa nayo, jamani! Alinisimulia harusi ya dada yake, ugomvi wa jirani zake kuhusu jogoo, mpaka nikawa sina mbavu kwa kucheka.

"Kabla hujaja, mdogo wangu," aliniambia, "asubuhi nilikuwa naisalimia injini."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Lakini injini ilikohoa. Nikipunguza petroli, inakohoa. Nikiongeza, inakohoa. "Bado." Wiki zikapita, miezi ikafuata. Nikaanza kuuchukia ule mlango. Komeo likigonga nyuma yangu, najiuliza hivi nilisoma miaka yote ile nije kufungiwa kwenye friji? Kuacha kazi sikuthubutu, maana ningemwambia nini Mama? Nilikuwa najifungia chooni, nalia, nanawa uso, narudi kwenye skrini.

Kisha siku moja Sweta akaugua, hakuja. Nikawasha peke yangu. Injini ikakohoa kidogo tu, kikohozi cha mtoto, ikatulia ikanguruma vizuri. Hata Bado alisita kidogo kabla ya kusema lake. Nikasema moyoni, nimeipata! Kesho yake Sweta akarudi, na mimi sikugusa kitu, nilitaka kuhakikisha tu. Petroli ile ile, baridi ile ile. Loo! Ikakohoa, ikatapika moshi chumba kizima.

Nikakaa nikafikiri. Injini haina kisirani. Ukiifanyia vile vile ikajibu tofauti, ujue kuna kitu hakikuwa vile vile. Na kilichobadilika kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimekaa kando yangu kinakunywa chai, kinaniuliza kama nilikikumbuka.

Asubuhi iliyofuata niliwahi kabla ya mtu yeyote. Nikakuta komeo limeshafunguliwa. Ndani stata inalia, inazungusha injini, lakini haiwaki. Nikausukuma mlango. Sweta alikuwa amechomoa waya za plagi ili isiwake, anaizungusha hivyo hivyo, petroli inaingia na kulowesha kila kitu. Mimi nikija nikaiwasha, itaachaje kukohoa?

"Kaka Sweta, unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia betri..."

"Usinidanganye!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. "Miezi yote hii mimi nalia chooni, kumbe ni wewe? Nimekukosea nini?"

Hakukimbia. Alikaa kwenye kiti chake, akavuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole. "Ukitoka wewe, nitabaki na nani humu?" akasema. "Niliomba kuhama mpaka nikachoka. Kila nikiomba naambiwa hakuna mwingine anayekiweza chumba hiki. Nikaacha kuomba. Halafu ukaja wewe, ukawa unacheka."

Nilitaka kumzaba kibao, na hapo hapo nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi zaidi.

"Rudisha waya," nikamwambia. "Kesho usiiguse. Nikisema neno kwa Bado, hilo geti hulioni tena."

"Najua, mdogo wangu. Sitaigusa."

Siku hiyo ilikuwa imeshaharibika. Injini ikakohoa, Bado akasema lake, akaondoka.

Kesho yake nikapunguza petroli chembe tu, nikawasha. Injini ikawaka. Haikukohoa, haikusita, iliwaka tu na kunguruma, sauti moja laini. Nikaachia kicheko bila kutaka. Nje ya kioo Bado akatoa mikono mfukoni, akafungua mlango, akaingia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akaashiria niizime.

"Tayari," akasema.

Nikaona jua, nikaona barabara, nikaona mtaa wetu na Mama amesimama mlangoni.

"Sweta," Bado akaendelea, "umeomba kuhama tangu enzi zile. Nilikukatalia kwa sababu sikuwa na mtu. Sasa ninaye. Ile nafasi ya barabarani ni yako." Kisha akanigeukia. "Na wewe hongera sana. Chumba umekiweza! Kuna injini nyingine mbili zinakuja."

"Bosi," nikasema, "mimi uliniambia tutazungumza."

"Si ndio tunazungumza?" akajibu, na wala hakuwa anatania.

Neno lilikuwa mdomoni tayari. "Sweta alikuwa anailowesha injini makusudi." Nikilisema tu, Sweta yuko nje ya geti na mimi niko barabarani. Nikamtazama. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameukazia macho ule mlango ulioachwa wazi, na nilijua hasa anachokiona, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiona kila siku. Nikameza mate, nikalimeza na neno lenyewe. Mpaka leo kuna siku najilaumu.

Bado alipoondoka, Sweta akavua sweta. Ndani alikuwa na shati la maua, nani angedhani! Lile sweta akaliweka mapajani mwangu. "Baridi ya humu huanza mgongoni," akasema, akataka kuongeza kitu.

"Nenda tu, kaka," nikamwambia.

Akaenda. Komeo likagonga. Nikalivaa lile sweta, maana nilikuwa natetemeka, na simu ikaita.

"Imewaka?"

"Imewaka, Mama."

Vigelegele! Shangazi akavidaka, mdogo wangu akapiga honi kwa mdomo, kuna mtu akagonga sufuria. Niliiweka simu mbali na sikio, nikaisubiri furaha yao ipungue.

"Kwa hiyo umetoka, mwanangu?" Mama akauliza.

Nikaitazama injini. Ilikuwa imeanza kupoa.

"Bado, Mama," nikasema.