Kamba Zilizomo Pajani

Jana usiku, mguu wangu ukiwa juu ya mto, niliota nimeingia ndani ya paja langu kukagua kazi. Wiki saba za plasta zilikuwa zimelilegeza, na asubuhi Bwana Mkolwe wa mazoezi ya viungo angekuja. Nisipoinua kisigino, narudi wodini. Na wodini sirudi, hata kwa mtutu wa bunduki.

Ndani naona kamba za aktini, zile nyuzi za msuli, zimetandazwa, na vichwa vya mayosini, wavutaji wake, vimezing'ang'ania kwa mamia. Havivuti. Vimeganda tu.

"Achieni, mshike mbele zaidi!" nikaamuru.

"Hatujala," kikajibu kimoja bila kunitazama. "Kushika ni bure, mwalimu. Kuachia ndiko kunakotaka chakula."

Nikavigawia uji, kijiko kwa kila kichwa. Kazi hiyo ilichukua miaka minne, nami sikuona ajabu. Nilipomaliza, paja lilikuwa uwanja wa shule yetu, ninakofundisha timu ya kuvuta kamba. Basi nikapaza sauti kama nilivyozoea: "Wote kwa pamoja! Vuta! Achia!"

Vikavuta pamoja. Vikaachia pamoja. Kamba ikachomoka, ikarudi nyuma kwa kishindo.

"Leo ungetuchana," akasema Bi Titini, ule uzi wa msuli unaouzuia usichanike, mwanamke mwembamba aliyejinyoosha kutoka goli hadi goli, mwili mzima mafundo. Kamba ilipochomoka, mafundo yake matatu yalifunguka, akarefuka badala ya kukatika. Sasa alikuwa akiyafunga upya, bila haraka. "Mwanangu, haya si mashindano. Huyu akiachia, yule awe ameshika."

Niliona haya, mimi na vikombe vyangu vyote vya ubingwa. Lakini wodi iliniuma kuliko haya. Nikaanza upya, kichwa kimoja kimoja: "Wewe shika! Wewe vuta! Wewe kula, uachie!" Kamba inasogea unywele. Inasogea tena. Bi Titini anafungua fundo, anafunga. Nami sinyamazi, na sitanyamaza.

Nikaamka. Mama alikuwa mlangoni, Bwana Mkolwe nyuma yake. Nikataka kumwamkia, sauti ikakataa kutoka.

"Mbona umekaukiwa sauti hivyo?" Mama akashangaa. "Ulikuwa unamfokea nani?"

Nikamwonyesha kisigino kwa kidole. Mwanga wa dirishani ulikuwa ukipita kati yake na mto.