Daftari Lisilo na Baba

Ludwina Landveld alikuwa na ugonjwa wa kufungua tena kitu alichokwisha kukifungua. Mchana ule, wateja wa vigae walipopungua dukani kwao mjini Lelydorp, alijibanza nyuma ya kaunta, akaingia tena kwenye tovuti ya nyaraka za taifa, akaandika jina lile lile na kusubiri kiduara kiache kuzunguka. Jibu likaja lile lile. Wilhelmina Landveld, mtumwa, mzaliwa wa shamba moja la wilaya ya Commewijne, kaachiwa huru mwaka 1863. Mama yake: Afiba. Baada ya hapo hakuna kitu.

Safu ya baba haikuwapo. Wala haikuachwa wazi. Haikuchorwa tangu mwanzo. Waliolitengeneza daftari lile walitaka kujua mtoto ni mali ya nani, kama mfugaji anavyotaka kujua ndama ni wake au wa jirani, na kwa hesabu hiyo dume halina kazi.

Mambo ya kale hayo, utasema, yanamkosesha usingizi mtu wa leo kwa nini? Kwa sababu ya Hesdy Zegerman, mwenyekiti wa bodi ya Morgenhoop. Morgenhoop ni shamba la zamani huku wilaya ya Para ambalo watumwa walioachiwa huru walichanga, wakalinunua kwa pamoja, na mpaka leo ni la wajukuu wao wote. Haliuzwi wala haligawanywi. Sasa Hesdy alikuwa amegundua mtandao, na mtu mzima akigundua kitu ukubwani huwa hatari. Alitangaza kwamba kila mwenye nyumba Morgenhoop aje kwenye mkutano wa Jumamosi athibitishe kwamba ametokana na mmoja wa wanunuzi. Nyaraka zote zipo kwenye simu, alisema, hakuna kisingizio. Asiyeonekana humo, kiwanja chake kinarudi kwa bodi.

Na mama yake Ludwina, Josta, aliishi Morgenhoop, katika nyumba aliyozaliwa.

Josta alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba babu yake, Frits, alizaliwa na Wilhelmina huyo wa Commewijne, aliyehamia Morgenhoop baada ya uhuru, na kwamba baba yake Frits alikuwa Apollo Zegerman, mmoja wa wanunuzi. Huyo Apollo ndiye ambaye Hesdy anajivunia ukoo wake. Lakini Apollo hakumfikisha mtoto kwa msajili. Cheti cha Frits nacho Ludwina alikipata mtandaoni: mama, Wilhelmina, baba, mstari mtupu. Ndivyo jina la Landveld lilivyoshuka kwa Frits, kwa mwanawe, kwa Josta, na kwa Ludwina mwenyewe, na kila aliyelisoma aliona Commewijne, si Morgenhoop.

Ijumaa alipotoka kazini alikwenda kwa mama yake. Alimkuta barazani akimenya muhogo.

"Umekuja na uso wa msiba," Josta alisema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Mama."

"Basi toa hilo lililokukaa kooni."

Ludwina akalitoa lote. Josta alisikiliza huku kisu kikiendelea na kazi.

"Hilo daftari aliandika nani?"

"Wazungu. Watu wa serikali ya wakati ule."

"Walikuwemo chumbani?"

"Mama, jamani."

"Nauliza tu. Kama hawakuwemo, wangejuaje? Na kama walikuwemo, aibu yao."

"Hesdy hataki hadithi. Anataka karatasi."

"Hesdy huyo? Nimemfuta kamasi kwa gauni langu." Josta akatupa muhogo kwenye beseni. Kisha akakiweka kisu chini. "Mimi na yeye," akasema, "sote hatuli kobe."

Ludwina alielewa mara moja. Watu wa kwao kila mmoja ana mwiko wake wa chakula, na mwiko hurithiwa kwa baba. Ubaba wa mtoto ukizua maneno mtaani, hawaulizwi majirani; analishwa mwiko wa yule anayetajwa, ngozi ikichafuka basi baba kapatikana. Akina Zegerman mwiko wao ni kobe. Josta alipokuwa msichana aliwahi kulishwa kobe msibani bila kujua, akatoka mapele mwili mzima, akalala kitandani akibambuka kama gome la mpera. Lakini wakati ule alikuwa na damu changa. Sasa alikuwa na sukari, na mwaka jana kidonda cha unyayo kilichukua msimu mzima wa mvua kufunga.

"Hapana, Mama."

"Sijasema neno."

"Ndiyo maana nakukataza mapema."

"Haya, umekataza," Josta alisema kwa upole uliopita kiasi, na Ludwina, aliyemjua mama yake, angepaswa kutia shaka hapo hapo.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Josta aliingia na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, na hakuna aliyeshangaa, kwani kila mkutano huleta supu ya karanga. Ludwina alikosa nafasi karibu naye, akakaa upande wa dirishani. Hesdy alisimama mbele na kompyuta yake. Aliita majina, picha ya ukurasa ikatokea ukutani, watu wakapiga makofi wakimwona bibi wa bibi yao. Kusema kweli ilikuwa raha kuona. Mzee mmoja alilia. Hesdy hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amependa karatasi tu, na mapenzi hayana macho.

"Landveld," akasema. Siku zote humwita Josta shangazi. "Bi Landveld, rekodi zako zinaonyesha Commewijne. Sina ubaya na mtu. Utaratibu ni utaratibu."

Josta akainuka, akaiweka sufuria kwenye meza ya bodi, akafungua kitambaa. Harufu ikaenea. Akina Zegerman waliokaa mstari wa mbele wakavuta viti nyuma.

"Hicho ni nini, Shangazi?" Hesdy aliuliza, na ushangazi ukarudi bila kuitwa.

"Kobe. Nimemtia nazi na pilipili. Njoo tule, mwanangu, wewe na mimi, sahani moja. Kama mimi si damu ya Apollo, wewe utajikuna peke yako na mimi nitakwenda zangu kulima."

Watu wakacheka, lakini cheko la wasiwasi.

"Mimi jina langu limo," Hesdy alisema. "Sina haja ya kula."

"Si unasema ukweli uko kwenye karatasi? Basi hii ni nyama tu. Unaogopa nyama?"

Hesdy alijifuta shingo. Akajisogeza nyuma ya kompyuta yake.

"Mama, usile," Ludwina alisema. Alikuwa amesimama tayari, akipenya kati ya magoti ya watu, akikanyaga mikoba, akiomba radhi. Alipofika mezani Josta alikuwa anatafuna. Alitafuna taratibu, akameza, akachota tena.

"Chumvi imepungua," akasema.

Katibu wa bodi, Mzee Wilgo, ndiye aliyemaliza kikao. Alisema hakuna mtu ukumbini asiyejua mwiko ni nini, tusijifanye. Wampe Josta mpaka Jumatano. Ngozi ikichafuka, anaandikwa. Isipochafuka, asiisumbue bodi tena. Mikono ikainuka. Hesdy naye aliinua wake, ila akaongeza: "Nitakuja kuiona kwa macho yangu."

Ludwina akaomba ruhusa kazini, akahamia kwa mama yake. Siku ya kwanza hakutulia. Alimpima sukari asubuhi, akampima tena kabla chai haijapoa. Alimkagua shingo, mikunjo ya mikono, nyuma ya magoti, roho juu, akiogopa kuona kipele.

"Unanichungulia kama mkate ulio tanurini," Josta alimwambia. "Utaiva. Kaa chini."

Haukuiva. Jumatatu ngozi ya Josta ilikuwa safi, nyororo, kama ya mtu aliyetoka kuoga. Ludwina alipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alikuwa anaosha vyombo, akiimba kidogo, ndipo alipofahamu anachokifurahia. Sahani ikamtoka mkononi. Kila saa iliyopita bila upele ilikuwa inaitoa nyumba mikononi mwao. Kuanzia hapo hakujua tena amwombe Mungu nini. Akiomba ngozi ichafuke, anamwombea mama yake vidonda. Akiomba ibaki safi, anamwombea afukuzwe. Aliishia kusema "Baba yetu uliye mbinguni" na kukwama.

Josta naye aliacha mzaha. Jumanne alikaa kwenye kiti chake tangu asubuhi, mikono imelala mapajani, viganja juu, akiitazama. Chakula hakukigusa.

"Ludwina," akaita. "Hiyo simu yako. Hakuna mahali pengine pa kutafuta?"

Ludwina akaitoa simu. Yule aliyewacheka wazungu na daftari lao sasa alikuwa analiomba.

Wakakaa pamoja, kichwa kwa kichwa. Walitafuta ubatizo wa kanisa. Walitafuta hati ya ununuzi wa shamba, wakamwona Apollo na alama yake ya msalaba, na ndoa yake na mwanamke mwingine, na watoto wa ndoa hiyo wameandikwa vizuri kama bibi arusi na wapambe wake. Frits hakuwamo. Josta alikuwa akisema, "Fungua hiyo. Na hiyo je?" na Ludwina alifungua, mpaka simu ikapata moto mkononi.

"Labda bibi Wilhelmina alisema uongo," Josta alisema.

"Usiseme hivyo, Mama."

"Alikuwa mgeni, ana tumbo, anahitaji pa kukaa. Mimi ningesema uongo." Akajipapasa mkono. "Labda ile ya utotoni ilikuwa surua tu."

"Mama, nyumba hii hatutaiacha. Nitatafuta wakili."

"Nani kazungumzia nyumba?" Sauti ya Josta ilikuwa ndogo, sauti ambayo Ludwina hakuwahi kuisikia ikitoka kwenye kinywa kile. "Kila mwaka nafagia kaburi la Apollo. Nampelekea maji, namsalimia, namwambia nani kazaliwa. Nimekuwa nikisema na nani?"

Ludwina alimshika mkono, ule mkono safi, akauchukia.

Jumatano aliamka jua limeshapanda kidogo. Kitanda cha mama yake kilikuwa kitupu. Barazani hakuwapo, jikoni hakuwapo. Ludwina alizunguka nyumba akikimbia, akiona mbele ya macho yake mama ameanguka na sukari, ameanguka kisimani, ameanguka popote.

Alikuwa nyuma ya banda, pale uzio ulipofunikwa na mmea wa upupu. Alikuwa amesimama na shimizi tu, kitambaa cha jikoni mkononi, anakisugua kwenye yale maganda yenye manyoya, kisha anajisugua yeye. Shingo ilishavimba. Mikono ilishatoka madonge mekundu. Meno ameyauma na machozi yanamtiririka, na hakuacha.

Alimwona binti yake, akasimama na kitambaa hewani.

"Usiniambie kitu," Josta alisema.

Ludwina aliufikiria ule unyayo na msimu wote wa mvua. Alimfikiria daktari, na atakachomwambia daktari. Kutoka barabara kuu ilisikika gari ikikata kona kuingia njia ya mchanga. Hesdy hakuwa mtu wa kuchelewa. Mama yake alikuwa anamtazama kama mtoto aliyeshikwa anaiba, anayesubiri kuambiwa arudishe.

Ludwina akamwendea, akakitwaa kile kitambaa, akakisugua kwenye maganda mpaka vidole vyake navyo vikaanza kuwaka.

"Geuka," alisema. "Mgongoni hufiki."