Migomba ya Makaburini

Baraza la parokia lilinipa hadi Jumamosi ning'oe migomba yote, la sivyo nirudishe ufunguo wa lango. Ilikuwa mwaka 1954. Ufunguo huo niliuvaa shingoni tangu alipofariki mume wangu, aliyekuwa msimamizi wa makaburi ya Nyaishozi kabla yangu. Wapo waliosema Kokuhirwa ni mwanamke, hawezi kuchimba kaburi. Nikachimba. Hakuna maiti aliyelalamika.

Kwetu mtu huzikwa kibanjani, katikati ya migomba aliyoipalilia mwenyewe, wajukuu wanampita kila asubuhi wakienda kuchuma maharage. Kanisa likatupa uwanja wenye ua na mikaratusi minne iliyofyonza maji yote. Hata nyasi ziliukataa. Wafiwa walizika wakaondoka wasirudi tena, kama waliomtupa mtu wao. Ndipo nikaanza kuwaagiza walete chipukizi moja la mgomba kutoka nyumbani kwa marehemu. Nililipanda upande wa kichwa: shimo la futi mbili, samadi chini, nyasi kavu juu. Baada ya miaka minne uwanja ulikuwa kibanja. Watu walirudi kupalilia, na mkungu ulipokomaa waliukata wenyewe, wakala na jamaa zao.

Mzee Byarugaba, mwenyekiti wa baraza, alisema nimegeuza makaburi shamba, na kwamba siku si nyingi nitakamua ndizi za pombe juu ya vifua vya Wakristo. Wajumbe wakacheka sana. Mimi nilikuwa na udongo kwenye kucha, nikaendelea kuutoa.

Jumamosi alikuja mwenyewe na panga. Sikuwa nimeng'oa hata jani. Akaufuata mgomba mnene kuliko yote, ule wa karibu na lango. Nikasimama mbele yake.

"Mzee Byarugaba, soma msalaba kwanza."

Majani makavu yalikuwa yameufunika. Akayasogeza kwa ncha ya panga, akakuta jina la Adelgunda, binti yake aliyekufa kwa surua. Tangu siku ya kumzika hakuwahi kukanyaga pale, na uwanja ulikuwa umebadilika usitambulike.

"Nani kauleta?"

"Mama yako."

Nikamweleza kwamba Bibi Kobugabe alilibeba chipukizi kichwani kutoka kibanja chao cha Igurwa, na kwamba huja kila mwezi kupalilia, ila mwanawe hamwambii. Mzee akaushika mgomba, akauangalia kuanzia shina hadi mkungu. Aliujua. Alikulia chini ya migomba iliyouzaa.

Akaliteremsha panga. Akasema migomba ibaki. Lakini kesho, baada ya misa, nisimame mbele ya waumini niombe radhi kwa kulidharau baraza.

"Neno moja tu, mama, yaishe. Ufunguo utabaki kwako."

Nikauvua shingoni, nikauweka kwenye kiganja chake.

"Kesho nitakuwa hapa napalilia, ufunguo uwe kwako au kwangu. Radhi siombi."