Mistari ya Rula

Ramani ilirudishwa kwa mara ya tatu siku ya Alhamisi, imeviringishwa na kufungwa kwa mpira, nami nikaitazama pale juu ya meza kama mtu anayeona sufuria aliyokwisha kuisugua ikirudi na masizi yaleyale. Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Akija na maneno mazuri huwa anavuta kiti. Siku hiyo hakukigusa.

"Mhandisi wa mabomba amekataa tena," alisema. "Anasema mistari imelewa."

"Mistari hailewi, Bosi. Mimi nachora boti ilikopita."

"Najua. Basi andika pale chini kwamba ni mkondo wa maji, halafu yale mapengo kati ya mistari uyazibe. Si programu yako inaweza kukisia?"

Inaweza. Programu ile inaweza kila kitu ambacho hukitaki. Haina picha za kubonyeza wala rangi za kukupumbaza. Ni kioo cheusi, unaandika amri herufi kwa herufi, kisha unamwomba Mungu. Ukisahau kistari kimoja inakutolea karatasi nyeupe bila hata kusema pole. Nimeitumia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na bado haijanizoea.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Boti inakatiza ziwa kutoka ukingo hadi ukingo, ikiburuta nyuma yake chombo cha kupima sumaku, ambacho sisi tunakiita mkia. Ikifika ng'ambo inageuka, inasogea kidogo kusini, inarudi. Mimi naletewa namba tupu: boti ilikuwa wapi, na sumaku ya mawe yaliyoko chini ilikuwa na nguvu kiasi gani. Naiambia programu ichore njia ya boti kwa mstari mwembamba, na kandokando ya mstari huo vipimo vikipanda na kushuka. Panapozidi kawaida inapaka weusi, na ofisini uvimbe huo tunauita kitambi. Penye kitambi kuna mwamba, na bomba la maji halipendi mwamba.

Lakini vitambi havina maana kama njia za boti hazikuachana sawasawa, na hapo ndipo nilipokosa pa kuweka uso, maana mshika usukani wa boti ile ni mume wangu. Kazini wanamwita Rula. Jina hilo hakulinunua. Walimpa wenzake miaka ya nyuma, walipoona mistari yake imenyooka kuliko ile ya daftari la shule.

"Mama Ramani, mwambie mzee anyooshe mkono," karani wa mapokezi alinitania nilipopita kuchukua karatasi. Nilicheka kwa meno tu.

Bosi alirudi kunikumbusha kwamba Jumatatu wanaanza kupima upande wa kivuko, kwa hiyo kiporo hiki kiishe kabla. Upande wa kivuko ndio wenye mitumbwi, na wafua nguo, na watoto wanaoogelea tangu asubuhi. Wakati ule sikulifikiria hilo. Nilifikiria mgongo wangu ulivyokuwa unauma.

Mapengo sikuyaziba. Nisijisifu, haukuwa uadilifu. Ulikuwa ukaidi wa mtu aliyechoka. Nikasema, kama ni mkondo, basi na tuuone huo mkondo. Nikaviondoa vitambi vyote, nikaiamuru programu ichore njia za boti peke yake, nyekundu ikienda mashariki, bluu ikirudi magharibi.

Ilipotoka nilidhani nimekosea amri. Nikairudia, ikatoka vilevile. Mistari ilikuwa imekaribiana miwili miwili, mwekundu na wa bluu, kama wachumba kwenye benchi. Kisha pengo, kisha wachumba wengine. Ziwa zima lilikuwa hivyo.

Mkondo hauwezi kufanya vile. Mkondo haujui kama boti inakwenda au inarudi. Ukisukuma kusini, utasukuma kusini tu mchana kutwa. Hapa boti ikienda mashariki iliteleza kusini, na ikirudi magharibi iliteleza kaskazini. Maana yake, iende irudi, iliteleza upande mmoja tu, mkono wa kulia wa mtu aliyeshika usukani. Nikaulaumu usukani. Halafu nikakumbuka kwamba boti ya kwanza ilipelekwa matengenezo katikati ya kazi wakaletewa nyingine, na tazama, ile nyingine nayo iliegemea kulia. Nikafungua faili za mwaka uliopita, ziwa lilelile, mtu yuleyule. Zilinyooka hata zikaniuma.

Mtu huegemea upande anaouona. Nilikaa na wazo hilo. Nikaikumbuka miimo ya milango ya nyumbani anayoigonga kwa bega la kushoto. Nikamkumbuka jirani aliyemsalimia kutoka kushoto asiitikiwe, nami nikamwambia mume wangu ameota maringo uzeeni. Vikombe navyo, alivyokuwa akivivunja kila mara. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimwita mzembe, na yeye akinijibu, "Nisamehe, mke wangu, mikono imezeeka."

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Alikuwa mezani, redio pembeni, viatu amevivua na kuvipanga ukutani. Nilichemsha chai. Sikupanga kumtega, wala sitasema mkono uliteleza wenyewe. Kikombe nilikiweka kushoto kwake, karibu na kiwiko, na nikakaa.

Alinisimulia habari za injini mpya, jinsi inavyokohoa asubuhi. Akamsema fundi. Akamaliza, akapangusa meza kwa kiganja, akanigeukia.

"Leo chai hakuna, mama?"

Mvuke ulikuwa unampanda shavuni. Nilikichukua kile kikombe nikakihamishia kulia, naye akaona mkono wangu ulikotokea. Hakukinywa.

Nikaikunjua ramani. Akageuza uso wote kuisoma, jicho la kulia mbele, kama kuku anayechunguza punje.

"Nani kachora upuuzi huu?"

"Mimi nimechora. Wewe umeendesha."

"Mkondo huo."

"Baba, mkondo hauendi kusini ukienda na kaskazini ukirudi."

Redio ikaendelea kumtangazia hali ya hewa mtu ambaye hakuwa akisikiliza. Kisha akaweka kidole kwenye jozi ya kwanza ya mistari, akakipeleka taratibu hadi mwisho. Ramani anaijua kusoma, sikuwa na la kumfundisha.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kile kikombe cha bluu."

Nilikuwa nimekisahau. Kikombe kimoja kati ya vingapi. Yeye alikuwa anakikumbuka kama watu wanavyokumbuka msiba.

"Ulinifokea hadi jirani akafunga dirisha," alisema. "Nikafurahi."

"Ukafurahi?"

"Mzembe anafokewa, kesho yake anakwenda kazini. Asiyeona anapewa pole, anaachwa nyumbani."

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi. Nikaanza na hasira kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Nikamwambia ametembea na siri kitandani kwangu kama panya. Nikamwambia daktari hali mtu. Alinisikiliza hadi mwisho, akiinamisha kichwa, na nikagundua kwamba hata hapo alikuwa anafurahia kidogo kufokewa, nikaacha.

"Niache nimalize upande wa kivuko," alisema. "Halafu nitawaambia mwenyewe. Ziwa lile nalijua kama kiganja changu."

"Ziwa unalijua. Na watoto wanaoogelea je? Maana wao hawakai mahali pamoja."

Alikunywa chai yote, ambayo ilikuwa imepoa, akakirudisha kikombe katikati kabisa ya meza. Usiku ule kila mmoja alijifanya amelala ili mwenzake apate usingizi.

Asubuhi tulikwenda pamoja. Njiani nilijikuta nimeshika upande wake wa kushoto, na kila baada ya hatua kadhaa aliuliza, "Upo?" Nikamwambia, "Nipo." Kwenye ngazi za ofisi aliuliza mara mbili.

Nilikuwa nimejipangia maneno. Nilitaka kuanza na rangi za mistari, polepole, ili Bosi afike mwenyewe bila mimi kulitamka. Bosi alitukuta kwenye meza yangu, akamsalimia Rula kwa heshima kama kawaida, akanigeukia.

"Mama Ramani, umeshaandika mkondo?"

Nikafungua kinywa. Rula akanitangulia.

"Hakuna mkondo, Bosi," alisema. "Mkondo ni mimi. Jicho hili la kushoto halioni."

Akatoa ufunguo wa boti mfukoni, akauweka juu ya ramani, mbali kidogo na pale alipokusudia, kwa hiyo ikabidi niuzuie usianguke. Bosi akavuta kiti. Alikaa muda mrefu akiitazama ile mistari, na mwisho alichosema ni kwamba mzee asirudi nyumbani kwanza, apelekwe kwa daktari na gari la ofisi.

Daktari alisema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia litaokoka kama tutakuwa waaminifu kwa dawa. Boti alikabidhiwa mwanamke aliyekuwa msaidizi wake, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Alirudia mistari yote, akapima na upande wa kivuko, na hakumgusa mtu.

Namba zake ziliponifikia niliandika amri zangu kama siku zote. Ramani ilitoka mara moja, bila kunisumbua. Mistari imeachana sawasawa, vitambi vimepangana kutoka ukingo hadi ukingo, hata mtoto angeonyesha mwamba ulipo. Mhandisi alituma salamu za pongezi. Mimi nikaichukia ramani ile tangu ilipotoka kwenye printa.

Jioni namtilia dawa. Analaza kichwa mapajani pangu, namfunua kope kwa kidole, naye analalamika kwamba mkono wangu una harufu ya vitunguu. Siku hiyo hakulalamika. Alilikodolea macho paa la nyumba akisubiri tone.

"Nasikia ramani imetoka," alisema.

"Imetoka."

"Mistari yake ikoje?"

Tone likaning'inia kwenye ncha ya chupa. Nilikuwa nimekataa kuwaandikia neno moja la uongo chini ya karatasi, mbele ya Bosi, mhandisi na Mungu.

"Imepinda kidogo," nikasema.

Tone likaanguka. Akafumba macho, akaliacha likamtiririkia hadi sikioni.

"Itakuwa mkondo," alisema.