Kitufe cha Kunyamazisha

Jana alasiri, tumbo limejaa ugali na macho yamenishinda, niliota nimeshitakiwa na rimoti yangu mwenyewe.

Iko juu ya stuli, ndani ya nailoni ambayo mke wangu Nyamizi aliifunga fundo siku tuliponunua runinga, isishikwe na mikono yenye mafuta. Inakohoa.

"Mzee Kasanda, betri zangu umezianika juani mara ngapi?"

"Si nyingi."

"Na kuzing'ata?"

"Kidogo tu. Kwa magego."

Ikaandika. Sijui iliandikia nini, maana mikono haina.

Niseme kwa nini niliingiwa na hofu. Nyamizi yuko Urambo kwa dada yake, siku ya kumi na mbili hii, na chanzo ni rimoti hiyo hiyo. Alikuwa ananieleza kwamba dada amevimba miguu, hawezi kusimama, nami nasikiliza taarifa ya habari. Nikamwelekezea rimoti usoni, nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Ulikuwa utani. Nilipokuwa nafanya kazi reli, utani wangu wa namna hiyo ulivunja watu mbavu. Nyamizi hakucheka. Alinyamaza kweli, na kesho yake akafunga kanga zake akaondoka.

Tangu hapo namtumia maneno kupitia binti yetu Kabula: mwambie mama yako nauliza chumvi iko wapi. Jibu haliji.

"Haliji kwa sababu hamjaunganishwa," inasema rimoti, nami sikuwa nimeiambia kitu.

"Tumeoana miaka thelathini na nane."

"Sikuulizi kuoana."

Mara sebule si sebule tena, ni stesheni ya Urambo. Runinga yangu imekaa kwenye dirisha la tiketi, imevaa kofia ya stesheni masta. Naielekezea rimoti. Inanitazama tu.

"Wewe nani?" inauliza runinga.

"Mwenye nyumba. Mimi ndiye niliyekununua."

"Kila rimoti ina namba yake. Yako imefutwa. Nikiitwa kwa namba nisiyoijua nakaa kimya. Si jeuri, ndivyo nilivyoundwa."

"Sasa nifanyeje?"

"Sogea karibu, ibaki hatua moja. Watu hawaunganishwi wakiwa mbali, wala kwa kutumiana mtoto. Kisha nyote wawili mshikane mikono, mhesabu mpaka tatu. Yeye atakutajia namba, nawe uirudie kama alivyoitaja. Ukikosea, taa inazimika."

"Mbona miaka yote nabonyeza tu, na mambo yanakwenda?"

"Wewe ni wa mtindo wa zamani," ikasema bila ubaya. "Rimoti ya zamani inarusha mwanga wake, basi. Haijui kama kuna aliyeupokea. Hizi za sasa zikituma, zinasubiri kuitikiwa."

Nikataka kuibishia. Nikatafuta siku moja niliyosubiri kuitikiwa, nije nayo kama ushahidi. Sikuipata.

Nyamizi amekaa kwenye mkeka pale pale penye reli, anabangua karanga. Kwenye paji la uso wake kuna kitaa cha buluu kinachowaka na kuzima polepole. Pembeni dada yake, Bi Mbula, ametia miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Shemeji, umekonda," anasema Bi Mbula. "Nani anakupikia?"

"Napika mwenyewe."

"Inaonekana."

Nasogea mpaka inabaki hatua moja. Nyamizi ananishika mkono wa kushoto. Moja. Mbili. Tatu. Kitaa kinaanza kwenda mbio, na kidole gumba changu, bila kuniuliza, kinapandisha sauti.

"Sauti yako naijua, Baba Kabula," anasema Nyamizi. "Hiyo siyo niliyoikosa. Haya, namba yangu ni hii, irudie: dada amevimba miguu, hawezi kusimama."

Nafungua mdomo. Midomo inacheza, hakitoki kitu. Najaribu tena, kimya. Kitaa kinaanza kufifia.

"Tazama kidole kilipo," anasema Bi Mbula.

Natazama. Kidole kimekaa juu ya kitufe cha kunyamazisha, na rimoti imenigeukia mimi.

Nyamizi ananyosha mkono. Anaichukua rimoti, anakiminya kile kitufe kama anavyominya ganda la karanga, kinachomoka, anakitupa kwenye ungo pamoja na karanga.

"Rudia," anasema.

"Dada..." nikasema, na sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliyechelewa.

Hapo nikaamka.

Runinga inaongea peke yake sebuleni. Rimoti ninayo mkononi, ndani ya nailoni yake, na fundo la Nyamizi halijaguswa. Lakini kitufe cha kunyamazisha hakipo. Pana kishimo, na ndani ya kishimo pameganda kipande cha ngozi nyekundu ya karanga.

Ndani ya nyumba hii mimi sijala karanga siku kumi na mbili. Sijui hata zinawekwa wapi.

Nikaizima runinga kwa mkono. Nikasimama katikati ya sebule, nikasema kwa sauti, mara tatu, nisije nikakosea nikifika: dada amevimba miguu, hawezi kusimama. Kisha nikaenda kutafuta viatu.